Shoti Hukaa Ndani ya Neno "Wamekauka"

Ukikaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la Mwanza, asubuhi, boti za mizigo zikishusha magunia ya dagaa, utasikia neno moja likirudiwa kuliko hata bei: wamekauka. Gunia lilipimwa kilo 42 kisiwani, limefika na 39: shoti, yaani upungufu, ya kilo tatu. Kuli anasema wamekauka, karani anasema wamekauka, na tajiri aliyetoa mtaji naye anaitikia na kuandika 39. Hakuna aliyedanganya, maana dagaa hukauka kweli. Ila hakuna aliyewahi kupima wanakauka kiasi gani, na mwizi anajua hilo kuliko mwenye mali.

Sisi tunaoshika madaftari ya biashara hii tumejifunza kwa hasara kwamba wizi mwingi hauhitaji giza wala kuvunja kufuli. Unakaa ndani ya namba ambayo mwenye mali ameiacha wazi: unyaufu usiopimwa, bei isiyofuatiliwa, posho isiyoandikwa, deni la mdomo. Kila namba ya aina hiyo ni mlango, na mara nyingi aliyeuacha wazi ni bosi mwenyewe, kwa uvivu au kwa sababu na yeye ana lake la kuficha.

Tuanze na unyaufu. Chagua magunia matano kwenye mzigo wa kawaida, yasiwe ya kambi moja wala siku moja. Yatie alama ndogo, uzi wa rangi kwenye mshono unatosha, na usimwambie mtu maana yake. Yapime kisiwani yanapopakiwa, yapime Kirumba yanaposhushwa, yaweke stoo siku saba na uyapime tena. Rudia safari tatu. Tuseme matano hayo yalikuwa kilo 200 kisiwani, yakafika 195, na baada ya wiki stoo yakawa 193. Basi unyaufu wako wa njiani ni asilimia 2.5 na wa stoo ni kama asilimia 1. Kwako zinaweza kutoka namba nyingine kabisa, kutegemea dagaa walianikwa vipi na boti ilipigwa jua saa ngapi. Cha maana ni kwamba sasa unayo namba yako.

Ichukue uitumie. Mzigo wa magunia 60 ya kilo 40 ni kilo 2,400. Kwa asilimia 2.5 unategemea kupoteza kilo 60, yaani ushushe kilo 2,340. Zikishuka 2,270, zimekosekana kilo 130: jua na upepo vimekula 60, na 70 zimeliwa na mtu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 6,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 420,000 kwa safari moja. Kwa safari mbili kila mwezi, mwaka unaisha na shilingi 10,080,000 zimekwenda, na daftarini zote zimeandikwa "wamekauka".

Kuna mitego miwili katika kipimo hiki. Karani akijua ni magunia yapi yenye uzi, hayo matano yatafika salama salimini na yale 55 ndiyo yatakayonyauka. Mtego wa pili ni gunia linalofika zito kuliko lilivyopakiwa. Watu hufurahia, lakini hiyo si baraka hata kidogo. Ama limelowa kwenye boti, na baada ya siku chache ndani litakuwa na ukungu, ama limeongezwa kitu.

Siyo kila upungufu ni wizi pia. Mnunuzi anayepita huchota konzi, anavunja dagaa mmoja, anaonja, wengine anaondoka nao. Wanunuzi 10 kwa siku, gramu 100 kila mmoja, kilo moja imeondoka bila mtu kuiba. Dawa yake ni gunia moja la kuonja, linalopimwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwa jina hilohilo. Bila gunia la kuonja, konzi za wateja zitakuwa kichaka cha kuficha madebe.

Anayenunua dagaa wabichi na kuanika mwenyewe ana hesabu nyingine, na hii inafaa kuijua kwa kichwa. Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kwenye kilo 100 za wabichi, basi, nyama na mifupa ni kama kilo 25 tu. Dagaa aliyekauka vizuri bado ana maji kidogo; tuchukue asilimia 12. Gawanya 25 kwa 0.88, unapata kilo 28 na kitu. Msimamizi wa kambi akikuletea kilo 20 kavu kutoka 100 mbichi, muulize nyingine zilikwenda wapi, na umsikilize, kwa sababu mvua, kunguru na yangeyange nao hula. Akikuletea 38, usimpongeze. Kilo 38 zenye nyama 25 maana yake theluthi moja ni maji. Dagaa hao hawajakauka, ama wamekauka na wamebeba mchanga.

Mchanga ndio uchakachuaji wa zamani kuliko wote ziwani, na una utetezi ulio tayari: tunaanika chini, mchanga lazima ushike. Ni kweli unashika kidogo. Chukua kilo moja, imwage kwenye ndoo ya maji safi, koroga kwa mkono taratibu, opoa dagaa, acha maji yatulie, kisha yamwage polepole. Kilichobaki chini kikaushe na ukipime kwenye mzani mdogo wa jikoni. Gramu 50 kwa kilo ni asilimia 5, na kwenye mzigo wetu wa kilo 2,400 hizo ni kilo 120 za mchanga ulizolipia bei ya dagaa, ukalipia nauli ya boti, ukamlipa kuli akubebee. Kambi inayoanika kwenye chanja haina sababu ya kukuletea kiasi hicho.

Sampuli usiitoe mdomoni mwa gunia. Mdomo hupambwa: dagaa weupe wanaong'aa juu, katikati wale waliopigwa mvua ambao bei yao ni ya chakula cha kuku, chini weupe tena. Bambo la nafaka, ile ncha ya kuchomea gunia, halikusaidii, dagaa hawateremki kwenye bambo kama mpunga. Njia ni kumwaga. Katika kila magunia 10 chagua moja wewe mwenyewe, limwage lote kwenye turubai mbele ya muuzaji. Mkubaliane kabla ya kumwaga: likiwa baya, tunamwaga matatu mengine kwa gharama yako, yakiwa mabaya na hayo, mzigo wote unashuka bei au unarudi. Masharti yakitajwa baada ya kuona ubaya huzaa ugomvi.

Wanaochakachua hupenda kusema mnunuzi wa Kongo hamjui nani ni nani, atapita tu. Ni kweli hamjui mtu, ila anaujua mwalo, na mwalo ndio anaouhama. Ziwa hili limeshaonja hilo kwa kiwango kikubwa: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya tuhuma za uvuvi wa sumu. Viwanda ambavyo havikuwahi kugusa samaki wa sumu vilikosa soko sawa na wengine, na wavuvi wa nyavu halali wakauza sangara kwa bei ya kutupa.

Sasa mzani. Stika ya Wakala wa Vipimo inakuambia mzani ulikuwa sawa siku ile ulipohakikiwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mzani wa biashara uhakikiwe, na ukiona hauna stika ya mwaka huu una haki ya kukataa kupimiwa. Lakini mzani unaweza kuchezewa jioni ya siku ileile uliyobandikwa stika, na ufundi wenyewe hauhitaji bisibisi kubwa.

Mzani wa saa, ule wa kuning'iniza, huchezewa mshale. Mnunuzi asiye mwaminifu anaurudisha nyuma ya sifuri kidogo, muuzaji asiye mwaminifu anausogeza mbele. Macho yako yawe kwenye mshale kabla gunia halijanyanyuliwa, ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja, maana ukitazama kwa ubavu mshale hukudanganya hata bila kuguswa. Angalia pia kitako cha gunia. Kikigusa ardhi, au kuli akaliegemeza kwenye goti "lisiyumbe", umeshapoteza kilo kadhaa. Mzani wa jukwaa wenye jiwe la kutelezesha huchezewa jiwe lenyewe. Likiongezwa risasi, mzani unalala kwenye namba ndogo kuliko uzito halisi, na anayenunua amepata. Likitobolewa, namba inakuwa kubwa, na anayeuza amepata. Wa kidijitali huchezewa kwa kitufe: mkono unaegemea jukwaa, kitufe cha sifuri kinabonyezwa, mkono unaondoka, na kutoka hapo kila gunia linapungua uzito wa ule mkono.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji jiwe la serikali wala ubishi, na wavuvi wengi hawakijui. Pima gunia la kwanza. Pima la pili. Kisha pima yote mawili pamoja. Mazungumzo ya mvuvi na mnunuzi huwa hivi:

"Mama, la kwanza limesoma 38, la pili 41. Naomba tuyaweke yote mawili."

"Ya nini tena, mwanangu, si nimeshaandika 79?"

"Tuyaweke tu, mama."

Yakawekwa, mzani ukasoma 81. Kilo mbili zimetoka wapi? Hazikutoka popote. Mzani huo unakula kilo mbili kila unapopima, uwekewe gunia moja au mawili. Ulipopima mara mbili ulikula nne, ulipopima mara moja ulikula mbili tu. Magunia yale kwa kweli ni kilo 40 na 43. Tofauti kati ya jumla ya kupima mojamoja na kupima kwa pamoja ndiyo kilo inayoliwa kila mara. Hapo hakuna haja ya kumwita mtu mwizi. Unaomba mshale urudishwe sifuri na mnaanza upya.

Kipimo hicho hakikamati jiwe lililochezewa, kwa sababu jiwe baya hukosea kwa uwiano, na uwiano haubadiliki ukijumlisha. Kwa jiwe unahitaji uzito unaojulikana. Maji ndiyo rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja. Pima ndoo tupu, andika. Ongeza lita 20 za maji kwa chupa ambayo ujazo wake umeandikwa, pima tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Ikiwa 18.5, mzani huo unakupunja asilimia 7.5, na kwenye gunia la kilo 80 hizo ni kilo 6. Kwenye kambi yoyote ziwani hatujui mahali unapoweza kusema maji yamekosekana.

Kuhusu lumbesa tusiseme mengi. Gunia linaloshonewa kichwa cha ziada ni kosa kisheria na kila mtu mwaloni anajua. Linaendelea kwa sababu mkulima na mvuvi hupima kwa gunia na mnunuzi huuza kwa kilo. Ukianza kununua kwa kilo, lumbesa haina kazi tena.

Mlango wa pili ni bei. Tajiri yuko Mwanza, mnunuzi wake yuko kambini Ukerewe, Kome au Maisome na fedha taslimu. Amenunua kwa 5,000, ameandika 5,300. Ile 300 ndiyo cha juu, na kwenye kilo 2,400 ni shilingi 720,000. Huwezi kuiona kwenye mzani wala kwenye gunia. Unaiona angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Chukua daftari la manunuzi la miezi mitatu na kalenda yenye tarehe za mwezi mpevu, uweke kimoja kando ya kingine. Bei halali hupanda na kushuka na mwezi. Bei iliyonyooka mwezi mzima, au iliyopanda katikati ya giza nene, inahitaji maelezo. Huenda yapo: upepo, mvua, boti kuharibika. Yaandikwe. Piga simu kwa watu watatu wa kambi tofauti asubuhi ileile, usiwaambie kwa nini unauliza. Anayejua kwamba bei yake inalinganishwa huwa mwangalifu sana na kalamu.

Picha za WhatsApp zimesaidia na zimeharibu. Karani anapiga picha ya gunia likiwa kwenye mzani, anatuma, bosi ameridhika. Kumbe ni ya wiki iliyopita. Ukitaka picha iwe ushahidi, mpigie simu mzani ukiwa tayari, umpe neno lolote linalokuja kichwani, tumbiri, sufuria, Nansio, aliandike kwa chaki kwenye kibao na kibao kionekane kwenye picha. Neno la jana halifai leo.

Mlango wa tatu wengi wetu hatupendi kuutaja, maana anayeufungua ni tajiri mwenyewe. Mzigo una magunia 60, na karani ameambiwa kwenye ushuru wa halmashauri ataje 40. Tofauti ya ushuru inaonekana faida. Tazama umenunua nini kwa faida hiyo. Stakabadhi ya ushuru ingekuwa shahidi wako mkubwa, karatasi ya mtu wa tatu inayosema magunia mangapi yalipita. Sasa inasema uongo uliouagiza wewe. Karani anajua kwamba una daftari mbili, na kwamba huwezi kwenda polisi na la kweli bila kujishtaki kwa lile la uongo. Akisema yalikuwa 52 na siyo 60, utamwonyesha nini? Tumeona matajiri wenye sauti kubwa wakinyamaza kwa karani wa miaka 23 kwa sababu hii tu. Lipa ushuru wa 60. Ichukulie kama bima.

Ndivyo ilivyo pia kwa "ya soda" kwenye kizuizi. Mnunuzi akitoka kambini na ruhusa ya kutoa fedha isiyo na risiti, ataandika 50,000 palipotoka 10,000, na hutaweza kumuuliza yule aliyepokea. Sheria iwe moja: malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayoingia kwenye simu kwa ujumbe, na kisicho na namba hakilipwi. Mzigo ukizuiliwa kwa hilo, andika saa, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha piga 113 ya TAKUKURU, ni bure. Ndiyo, unaweza kuchelewa, na dagaa hawangoji. Kwa hiyo vibali na risiti vikamilike kabla ya kupakia, siyo vitafutwe barabarani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali, inamgusa hata mnunuzi wako anayepokea chochote kwa muuzaji ili akubali mzigo mbovu kwa fedha zako.

Mali kauli ndiyo inayoficha wizi kwa muda mrefu kuliko yote. Mteja wa Shinyanga amechukua mzigo wa milioni mbili kwa neno lake, atalipa wiki ijayo. Analipa, karani anapokea, hizo milioni mbili hazifiki benki. Wiki inayofuata analipa mteja wa Singida. Karani anaandika malipo ya Singida kwenye jina la Shinyanga. Ya Singida ataiziba na ya Kahama. Mwisho wa mwezi madeni yote yanaonekana yanalipwa, ila kila mmoja amechelewa kidogo, na bosi analalamika kwamba wateja wa siku hizi wagumu. Jumla ya shoti haionekani popote kwa sababu inahama kila siku.

Inakamatwa kwa tarehe, siyo kwa jumla. Mwombe mteja ujumbe wa muamala kwenye simu yake, ulinganishe siku aliyotuma na siku iliyoandikwa kwenye daftari. Siku moja ya tofauti ni uvivu. Siku nane kwa mteja mmoja, tisa kwa mwingine, kumi kwa wa tatu, hapo kuna mtu anahamisha. Na karani anayefanya hivi hawezi kwenda likizo, kwa kuwa siku moja bila yeye mnyororo unakatika. Anakuja akiwa na homa. Anakuja Jumapili. Anakataa msaidizi. Bosi humsifu kwa uchapakazi. Mpe kila mshika fedha siku kumi za mapumziko kwa mwaka, za mfululizo, na mtu mwingine akae kwenye daftari lake kweli, siyo kumfungia kazi mpaka arudi.

Malipo yaende kwenye lipa namba ya biashara au akaunti ya benki, kamwe yasiende kwenye namba binafsi ya karani. Ujumbe wa kuonyesha fedha zimeingia usikutoshe, jumbe za kughushi ni nyingi. Angalia salio kabla ya kutoa gunia. Ukipokea "ile hela itume kwenye namba hii", namba hiyo itume 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kitabu cha risiti kiwe na namba za mfululizo na nakala. Risiti iliyokosewa haichanwi, inapigwa mistari miwili na kubanwa palepale na nakala yake. Ukikuta 0417 halafu 0419, biashara isimame hadi 0418 ipatikane. Mistari mitupu ya daftari ichorwe mstari wa kukata jioni, la sivyo itajazwa kesho kwa tarehe ya jana. Mwenye watu watatu tu anaweza kugawa kazi vya kutosha: anayepima asiandike malipo, anayelipa asishike ufunguo wa stoo, na anayeshika ufunguo asihesabu mzigo peke yake. Shemeji naye yumo. Kuna watu wanaona aibu kumhesabia shemeji. Basi wahesabiane mbele ya kila mtu tangu siku ya kwanza, iwe desturi ya nyumba.

Mtaalamu wa sosholojia wa Marekani, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, na mwaka 1953 akaeleza kwamba kwa kawaida yanakutana mambo matatu: shida ambayo mtu hawezi kumwambia mwingine, nafasi ya kuchukua bila kuonekana, na maneno ya kujituliza moyo. Haya ya mzani na daftari yanaziba nafasi tu. Maneno ya kujituliza hapa kwetu ni yaleyale: nimekopa tu nitarudisha, bosi mwenyewe anaiba ushuru, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hilo la bosi na ushuru tumeshalisema. Lile la "nimekopa tu" linapungua nguvu pale kunapokuwa na mkopo wa dharura ulioandikwa, tuseme hadi nusu ya mshahara, unaotolewa bila mahubiri. Na mshahara utoke tarehe yake. Anayedai miezi miwili hahitaji hata kujitafutia maneno, umeshampa.

Usisahau kwamba kuli anaona zaidi yako. Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ubadhirifu ilionyesha kwamba kesi 43 katika kila 100 ziligunduliwa kwa mtu kutoa taarifa, kuliko njia nyingine yoyote. Bandika namba yako ya simu, siyo ya karani, kwenye mlango wa stoo na kwenye kila risiti. Atakayepiga usimtaje.

Ukishaona pengo, usipige kelele kwanza. Hakikisha siyo kosa la kalamu. Chukua kiasi kilichopungua ukigawe kwa 9. Kikigawanyika bila baki, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi: 540,000 iliyoandikwa 450,000 inaacha pengo la 90,000. Kisha gawa pengo kwa mbili na utafute kiasi hicho. Fedha iliyoandikwa upande usio wake huzaa pengo mara mbili yake. Mambo haya mawili yamewaokoa makarani wasio na hatia wengi kuliko wakili yeyote.

Likibaki pengo, piga picha kurasa zote za daftari kabla mtu hajajua. Hesabu stoo mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa nje ya familia, muandike na kusaini palepale kwa tarehe na saa. Ndipo umwite, na uanze na maswali ya wazi: nieleze mzigo wa tarehe 12 ulikwendaje. Mwache aongee. Usimfungie mlango, usimpige, usimlazimishe kusaini kitu. Hati ya kukiri iliyotoka kwa vitisho itakugeukia. Akikubali kurudisha, mwandikishane kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, kiasi na tarehe. Akikataa, nenda polisi na nakala zako uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Kanuni ya Adhabu inautambua wizi wa karani au mtumishi kama kosa lake lenyewe. Funguo zibadilishwe siku hiyohiyo, na wateja wote wa mali kauli wapigiwe simu wataje wanadaiwa nini, kabla hawajasikia habari kwa mtu mwingine.

Karani mpya akianza, mpe ndoo, lita 20 za maji, na ule uzi wa rangi. Mvua za masika zikianza, rudia kipimo cha magunia matano, maana dagaa wa wakati huo huanikwa kwa kuviziana na mawingu, hufika na maji zaidi, na ile asilimia 2.5 ya kiangazi haikufai tena.